Chini Kabaki Nani

Gwakisa Mwalwanda alikufa akiwa na presha nzuri kuliko mchimbaji yeyote aliyewahi kupanda ngazi za mgodi wa Ilolelo.

Mia moja ishirini na nne kwa sabini na nane. Daktari Tusekile Mwambene alikuwa ameitazama namba hiyo siku ishirini mfululizo, kama mtu anayetazama picha ya marehemu akitumaini itapepesa macho. Ilikuwa presha ya mtu aliyeketi barazani akimenya karanga. Lakini Gwakisa hakuwa barazani. Alikuwa kwenye ngazi ya mia nne na kumi, chini ya ardhi, barakoa usoni, mfuko wa zana mgongoni, akipanda kwa mwendo wake wa kila siku huku akimtania mwenzake kuhusu mahari. Akaketi. Akainamisha kichwa kama anayesinzia kanisani. Wenzake wakamcheka, maana alikuwa mtu wa vituko. Hakuhema, hakushika kifua, hakuita mtu. Walipomtikisa, alikuwa ameshaondoka.

"Moyo," ndivyo ilivyoandikwa kwenye cheti. Aliyeandika ni Tusekile mwenyewe. Siku ile hakuwa na neno jingine.

Jumanne asubuhi aliamua kulitafuta. Alifunga mlango wa chumba cha vipimo, akavaa barakoa ya wachimbaji, akafungua bomba la hewa nyembamba, akapanda juu ya mashine ya ngazi. Shingoni alijining'iniza filimbi ya mwalimu wa michezo aliyoiazima shule ya msingi.

Hewa ya Ilolelo ilikuwa nyembamba kwa makusudi. Mwamba wa huko chini ulivuja gesi inayowaka, na miaka ya nyuma moto ulikuwa umekula watu wa zamu nzima. Basi kampuni ikaanza kusukuma naitrojeni shimoni mpaka oksijeni ikashuka kutoka asilimia ishirini na moja hadi kumi na nne. Katika hewa hiyo kiberiti hakiwaki. Watu nao walififia, lakini hawakuzimika. Juu ya hayo kulikuwa na barakoa yenye chujio nene la vumbi, ambayo kila pumzi yake ilikuwa kama kunyonya uji mzito kwa mrija.

Jana yake Tusekile alikuwa amepanda mashine ileile bila msaada wowote. Dakika ya nane presha ilifika mia moja themanini na tatu, miguu ikawaka moto, akasimama, akainama na kushika magoti. Kwa sheria ya mgodi angekuwa amefeli mtihani wa kazi. Presha ikivuka mia moja themanini, mtu anarudi kwao.

Leo alikuwa na kitulizi. Kilikuwa nyuma ya sikio lake la kulia, chini ya ngozi, kidogo kama punje ya mtama. Alikibuni yeye akiwa mwaka wa mwisho chuoni, na sasa kila mchimbaji wa Ilolelo alikuwa nacho. Kazi yake ilikuwa moja: kunyamazisha ujumbe ambao misuli ya kupumulia huupeleka ubongoni inapochoka.

Dakika ya nane: mia moja ishirini. Dakika ya kumi na tano: mia moja ishirini na mbili. Miguu ilikuwa miepesi. Alijisikia vizuri mno, na uzuri huo ndio uliomtisha.

Kila baada ya dakika moja alisogeza barakoa na kupuliza filimbi. Dakika ya kumi ilipiga kelele ya kuumiza masikio. Dakika ya kumi na sita ililia kama kifaranga. Dakika ya kumi na tisa alipuliza, ikakaa kimya. Akadhani imeziba. Akapuliza tena. Midomo ilikuwa tayari, mashavu yalikuwa tayari, ila kifuani hapakuwa na wa kusukuma.

Na miguu yake ilikuwa bado inapanda.

Aligonga kitufe chekundu kwa kiganja, akaanguka ubavu, akalala hapo sakafuni huku hewa kamili ikiingia chumbani kwa mluzi. Ilichukua muda mrefu kabla hajaweza kulia.

Alipopata nguvu ya kushika kalamu aliandika hivi: Presha inayopanda si ugonjwa. Ni amri. Kiwambo, ule msuli mpana ulio chini ya mapafu, kikichoka hulia. Mwili ukisikia kilio hicho hubana mishipa ya miguuni ili damu iende kifuani, na presha hupanda kwa sababu hiyo. Hewa ikiwa nyembamba, kilio huja mapema na kwa nguvu zaidi. Miguu inakuwa mizito ili mtu asimame.

Akaongeza mstari mmoja: Kitulizi hakiondoi uchovu. Kinaziba mdomo wa aliyechoka.

*

Meneja Shekiondo alikuwa mtu wa Lushoto, mrefu, mpole, asiyepandisha sauti hata mtambo ukipasuka. Alisoma ukurasa ule mara mbili.

"Umepima watu wangapi?"

"Mmoja. Wawili, ukimhesabu Gwakisa."

"Na huyo mmoja ni wewe mwenyewe, mlango umefungwa, hakuna shahidi."

"Filimbi ilikuwa shahidi, Meneja."

Hakucheka. Alisogeza kikombe chake cha chai pembeni. "Tusekile, kabla ya punje yako nilikuwa nawatoa kazini watu mia moja na sabini kila mwaka. Hawakuondoka. Walikaa pale getini kutwa nzima, kwa aibu ya kurudi kwao mikono mitupu. Wewe ndiye uliyewainua. Leo unataka niwakalishe tena?"

"Nataka waambiwe tu. Wakijua, wataamua wenyewe."

"Watu mia tatu na kumi na mbili, waambiwe kwamba shingoni wamepachikwa kifo? Hofu nayo inaua, daktari. Ijumaa bodi inakaa. Andika ripoti iliyonyooka, tuwaambie kwa utaratibu. Siku tatu, basi."

Alikubali. Alikubali kwa sababu maneno yale yalikuwa na busara ndani yake. Na alikubali pia, ingawa hili alikuja kulikiri baadaye sana, kwa sababu alitamani siku tatu zaidi za kuwa yule binti aliyewainua watu getini.

*

Jumatano asubuhi alisimama kwenye foleni ya zamu kama kawaida, akikagua barakoa. Mtu wa saba alikuwa mjomba wake.

Mzee Anangisye ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Alikuwa mkuu wa kikosi cha watu tisa, na zamani, kabla ya kitulizi, alikuwa mwimbishaji wa ngazi. Watu wa Ilolelo walikuwa na desturi yao: kikosi kikipanda, mkubwa anauliza kwa wimbo, "Chini kabaki nani?" na wote wanaitikia, "Hajabaki wetu!" Anayekosa pumzi ya kuitikia, wote wanakaa. Hawakupanda tena mpaka sauti zote zirudi. Kupanda kulichukua karibu saa nzima, na vipimo vya presha vilivurugika kwa kelele zile. Tusekile ndiye aliyeandika Waraka Namba Saba: ni marufuku kuimba ngazini.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama. Mbona macho mekundu? Umelala au umekesha na vitabu?"

"Nimelala. Umekula?"

"Nimekula." Alimtazama kidogo zaidi ya ilivyohitajika. "Ugali wa jana na maziwa ya mgando. Hata daktari asingeninyima."

Nyuma yake Lwitiko, kijana mwenye mabega mapana na mdomo usiofungwa, alidakia. "Dokta, mkague vizuri huyo. Jana kanipita kwenye ngazi kama mbuzi. Mzee wa miaka hamsini na nane! Hiyo punje yake umeitia nini? Nipe na mimi ya namna hiyo nimtoroke mama mkwe."

Watu walicheka. Mjomba alicheka pia. Yeye ndiye aliyepachikwa kitulizi cha kwanza kabisa. Presha yake mtihanini ilikuwa mia moja tisini na sita, alikuwa amefeli mara mbili, na wengine walipokuwa wanaogopa sindano yeye aliinamisha shingo na kusema, "Kama inaua, ianze na mimi, nimeshakula vya kutosha."

Tusekile alishika mkanda wa barakoa yake, akaukaza. Neno lilikuwa mdomoni. Siku mbili zilizobaki hadi Ijumaa zilikuwa mdomoni pia.

"Nenda salama, mjomba," alisema.

*

Saa nane mchana valvu ya naitrojeni ilikwama ikiwa wazi, na mtetemeko wa bomba lililopasuka ukaangusha jiwe juu ya lifti. Mitungi minne ya uokoaji ilikuwa ndani ya lifti ileile, chini ya jiwe. Mingine ililetwa kutoka mjini, mwendo wa saa moja na nusu. Zamu karibu yote ilikuwa upande wa pili wa mgodi, ikatoka kwa njia ya mashariki. Waliobaki walikuwa kikosi kimoja, watu tisa, chini kabisa ya ngazi elfu moja na mia moja.

Tusekile alifika chumba cha mawasiliano akihema. Meneja Shekiondo alikuwa amesimama mbele ya skrini ya hewa.

"Asilimia kumi na tatu," alisema bila kugeuka. "Inashuka asilimia moja kila robo saa. Ikifika tisa, mtu anapoteza fahamu. Tuna saa moja."

"Wameanza kupanda?"

"Wanangoja amri. Kwa vitulizi wanapanda kwa dakika thelathini na tano. Wana muda wa kutosha, wanabakiza hadi dakika ishirini na tano." Sasa aligeuka, na kwa mara ya kwanza Tusekile aliona jasho juu ya mdomo wake. "Najua unataka kusema nini. Usiseme."

"Gwakisa alikaa dakika ya kumi na tatu. Mimi filimbi ilinyamaza dakika ya kumi na tisa. Na hiyo ilikuwa kwenye kumi na nne, Meneja, si kumi na tatu inayoshuka. Hawatafika kituo cha saba."

"Wakizima watachukua muda gani?"

"Kama zamani. Hamsini na tano."

"Dakika tano za kubakiza! Mmoja akiteleza, wote wamekwisha."

"Ndiyo."

Hapakuwa na mtu mwingine chumbani. Kulikuwa na simu ya ngazini, ya waya mmoja wa zamani: anayesema kituo kimoja anasikika kwenye spika za vituo vyote kumi na moja, na huku juu. Meneja aliitazama simu, akamtazama Tusekile, kisha akarudi nyuma hatua moja. Hakumruhusu wala hakumzuia.

"Mjomba," Tusekile alisema, "ni mimi. Nisikilizeni wote. Kuna jambo nimewaficha."

Aliwaambia kwa maneno machache, kwa sababu maneno mengi yangekula hewa yao.

"Ni kama nyumba yenye chungu kimoja wakati wa njaa. Mama anawapunguzia wakubwa ili mchanga apate. Misuli ya kupumulia ndiyo mtoto mchanga. Akilia, mwili unainyima miguu damu, unampa yeye. Presha inapanda, miguu inauma, mnasimama. Kitulizi kinamziba mtoto mdomo. Mnaona nyumba imetulia, kumbe anakufa kwa njaa. Ndivyo alivyokufa Gwakisa. Si moyo."

Waya ulinguruma. Kisha ikaja sauti ya Lwitiko, bila utani wowote. "Umejua lini?"

"Jana."

"Jana!" Alipumua kwa nguvu kwenye simu. "Asubuhi umenikagua barakoa. Umenishika shingo kwa mikono yako. Jana, Dokta?"

"Ndiyo. Sina la kujitetea."

"Lwitiko," ilisema sauti ya Mzee Anangisye, "mgombeze ukifika juu. Pumzi hiyo utaihitaji. Mama, tunazimaje?"

"Bonyezeni punje kwa kidole, mhesabu kumi bila kuachia. Mtaumia. Miguu itakuwa kama ya saruji. Lakini mkiumia ndio mko hai. Ila wewe, mjomba..." Alisogea karibu na simu. "Wewe presha yako ni nyingine. Ikipanda kwenye hewa hiyo, mshipa wa kichwani unaweza kupasuka."

"Na nisipozima?"

"Kama Gwakisa."

"Kwa hiyo huku kifo cha kimya, huku cha kelele." Alicheka kidogo, ule mcheko wake wa puani. "Mimi nitapandisha watu kwa pumzi yangu. Mwimbishaji asiyeisikia pumzi yake ataimbisha vipi?"

"Kuimba ni marufuku," Lwitiko alisema kwa uchungu. "Kuna waraka."

"Waraka niliuandika mimi," Tusekile alisema. "Naufuta. Imbeni. Asiyeitikia, wote mkae. Sikuwahi kuwa na kipimo bora kuliko hicho, na niliwanyang'anya."

Alisikia watu tisa wakihesabu kwa pamoja, polepole, moja hadi kumi. Kisha akasikia mtu akiguna, na mwingine, kama watu walioamshwa kwa maji ya baridi.

"Chini kabaki nani?"

"Hajabaki wetu!"

*

Kituo cha kwanza kilichukua dakika tano. Cha pili, tano. Hapo mtu mmoja hakuitikia, wakakaa. Tusekile alihesabu pumzi zao kwenye spika, kucha zake zikiwa zimezama kwenye kiganja, huku Meneja akisoma skrini kwa sauti ya chini. Kumi na mbili na robo. Sauti tisa zikarudi. Wakainuka.

Kituo cha nne walipita bila mtu kuanguka. Hapo ndipo alipofia Gwakisa. Mzee Anangisye alisimamisha wimbo, akalitaja jina la marehemu mara moja, akaendelea.

Kumi na moja na robo. Kituo cha tano. Wimbo ulikuwa umepungua, ukawa hatua na mguno, hatua na mguno, lakini majibu yalikuja. Skrini haikuonyesha presha ya mtu yeyote, kwa kuwa vipimo viliunganishwa na vitulizi na vitulizi vilikuwa vimezimwa. Kwa mara ya kwanza tangu awe daktari wa Ilolelo Tusekile hakuwa na namba hata moja, na alijua hali ya kila mtu.

Dakika ya thelathini na nane walifika kituo cha saba.

"Chini kaba..." Sauti ya mjomba ilijikwaa, kama ulimi umekuwa mkubwa kuliko mdomo. "Chini... ka..."

Kishindo. Chuma kikagonga chuma.

"Dokta!" Ilikuwa sauti ya Lwitiko. "Mdomo wake umeenda upande. Mkono wa kushoto umelala kabisa. Macho anafumbua. Ananiangalia."

Tusekile alijua. Alikuwa amejua tangu pale aliposema maneno "mshipa wa kichwani".

"Tumekaa," Lwitiko alisema. "Akipata nafuu, tutambeba."

Meneja alinyoosha kidole kwenye skrini. Kumi na nusu. Ngazi mia nne. Watu wanane wenye miguu ya saruji wangezipanda kwa dakika ishirini, wakafika hewa ikiwa imekaribia tisa. Wakibeba mtu, dakika arobaini. Hakuna ambaye angefika.

"Lwitiko, mkimbeba hamfiki."

"Asiyeitikia, wote wanakaa."

"Lwitiko..."

"Umeufuta waraka mwenyewe, Dokta! Sasa hivi! Hii ndiyo sheria yetu, wala haisemi isipokuwa mzee. Tumekaa."

Ilikuwa juu yake kulisema. Meneja hangelisema, wala waya haungelisema. Alishika simu kwa mikono miwili. Aliwaza mikono iliyomvisha sare ya shule, iliyomnyoa nywele wakati wa msiba wa mama yake. Alifumbua mdomo.

"Mwacheni," alisema. "Mimi ndiye mtoto wake. Nasema mwacheni, inukeni."

Hakuna aliyeinuka. Alisikia watu wazima wakilia ndani ya barakoa.

Halafu kitu kikakwaruza spika, karibu kabisa, kama mtu anayevuta simu kwa mkono mmoja. Sauti ilikuwa nzito, imepinda, maneno yakitoka upande mmoja wa mdomo. Lakini ilikuwa inaimba.

"Chini... kabaki... nani?"

Wenzake waliendelea kulia.

"Chini kabaki nani?" Safari hii kwa hasira, ile hasira ya mkuu wa kikosi anayeona zana zimeachwa njiani. "Itikieni!"

"Hajabaki..." Lwitiko alianza, akakwama.

"Itikia, mwanangu."

"Hajabaki wetu," waliitikia wanane. Kisha zikasikika hatua.

*

Aliwaimbisha kutoka pale chini. Spika za vituo ziliwatangulia: walipofika cha nane, sauti yake ilikuwa inawangoja. Waliitikia. Mmoja alikosa pumzi, wakakaa, mzee akawauliza tena, wakainuka. Katikati ya vituo, wakati wenzake wakiwa mbali na simu, Tusekile aliinama karibu na waya.

"Mjomba. Asubuhi nilitaka kukuambia."

"Uliniuliza kama nimekula." Kila neno lilikuwa mzigo. "Nikajua una jambo. Na mimi... sikuuliza. Tulikuwa wawili, mama."

"Mitungi imefika daraja la Mbaka. Nusu saa tu."

"Eeh." Alipumua. "Nyamaza sasa. Wanakaribia cha tisa. Niachie pumzi."

Akamwachia. Hiyo ndiyo zawadi pekee aliyokuwa nayo ya kumpa.

Kituo cha tisa. Tisa na nusu. Kituo cha kumi, na swali lilikuwa limebaki maneno mawili, "Kabaki nani," na jibu lilikuwa mkoromo wa watu wanane. Tusekile aliacha simu mikononi mwa Meneja, akakimbia ukumbini hadi kwenye mlango wa ngazi, ule mlango mzito wa hewa kamili. Akaufungua. Upepo wa juu uliingia shimoni. Aliwaona wakitokea gizani mmoja mmoja, wakitambaa kwa mikono, macho yamewaiva.

Aliwavua barakoa. Alikuwa na kipimo cha mkono, kile cha zamani cha kupampu, akamfunga wa kwanza aliyemfikia. Mia moja tisini na nane. Wa pili, mia mbili na nne. Presha mbaya kabisa. Presha za watu hai.

Lwitiko alipanda wa mwisho. Alisimama kwenye ngazi ya juu, mkono kwenye fremu ya mlango, akageukia spika ya kituo cha kumi na moja. Wote waligeuka. Spika ilinguruma, ule mngurumo wa waya mtupu. Walingoja muda wa wimbo mmoja. Walingoja tena.

Basi Lwitiko akauliza yeye, kwa pumzi iliyokuwa imemrudi nusu.

"Chini kabaki nani?"

Hakuna aliyeitikia.

Lwitiko akakaa pale pale, kwenye ngazi. Wa nyuma yake akakaa, na mwingine, mpaka wote wanane wakawa wamekaa, miguu yao ikining'inia kuelekea gizani. Meneja Shekiondo alitokea ukumbini, akasimama nyuma ya Tusekile.

"Waambie wasogee," alisema taratibu. "Mlango lazima ufungwe. Hewa ile itapanda."

Tusekile alikiweka kipimo chini. Alivuta mlango mpaka ukabaki upenyo wa mtu mmoja, hewa kamili ikizidi kuwapulizia migongoni, akapita kwenye upenyo huo, akatafuta nafasi kati ya Lwitiko na ukuta, akakaa. Lwitiko hakumtazama. Baada ya kitambo akasogea kidogo, akampisha.

Huko chini kabisa waya uliendelea kunguruma. Walikaa wakiusikiliza mpaka mitungi ilipofika.